Baada ya Kura: Kelly Clarkson, Albamu ya Breakaway na Kazi ya Kuupata Wimbo

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya walimu, watunzi na wanafunzi wa muziki)

Muziki wa pop tunausikia kwenye daladala, saluni na harusini, lakini ni nadra kuukalisha chini tukauchambua kwa makini kama tunavyouchambua utenzi au riwaya. Naamini unastahili.

Kusudi langu ni moja. Kwa kumtazama mwimbaji mmoja wa Kimarekani, Kelly Clarkson, na hasa albamu yake ya pili, Breakaway, iliyotoka tarehe 30 Novemba 2004, nataka kuonyesha kwamba shindano la televisheni humpa mwimbaji jina na watazamaji, lakini halimpi wimbo. Wimbo inambidi autafute mwenyewe, na akishaupata aupiganie, wakati mwingine mbele ya wale wale waliomvika taji. Nimemchagua Clarkson kwa sababu ndiye mshindi wa kwanza wa American Idol, mwaka 2002, na zaidi ya miaka ishirini baadaye bado yuko kazini. Washindi wa mashindano ya aina hiyo duniani ni wengi mno; waliodumu wanahesabika.

Kabla ya hoja, tumfahamu kidogo. Alizaliwa Fort Worth, Texas, tarehe 24 Aprili 1982, akakulia Burleson, mji mdogo ulio jirani. Wazazi wake walitengana angali mtoto wa miaka sita hivi. Naomba mlikumbuke hilo, tutalihitaji. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsikia akiimba kwenye korido akamwita ajiunge na wenzake. Alipomaliza sekondari alikwenda Los Angeles kutafuta njia ya kuingia kwenye muziki. Mambo hayakwenda, na nyumba aliyopanga ikaungua moto. Akarudi nyumbani Texas, akawa anafanya kazi ndogondogo, ikiwemo kuhudumia wateja mgahawani. Kisha akaenda Dallas kwenye usaili wa kipindi kipya ambacho hakuna aliyejua kitakuwaje.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba zawadi halisi ya shindano ni mkataba, na mkataba huo huandikwa kabla mshindi hajajulikana.

American Idol haikuzuka Marekani. Ilitoka Uingereza, kwenye kipindi cha Pop Idol kilichoanza mwaka 2001, kazi ya meneja wa muziki Simon Fuller. Kilipovuka bahari na kurushwa na Fox kuanzia Juni 2002, mpangilio ulikuwa ule ule: usaili, mchujo wa majaji, kisha watazamaji kupiga kura kwa simu kila wiki na mmoja kuondoka. Fainali ilifanyika tarehe 4 Septemba 2002. Watu takriban milioni 23 walitazama, na Clarkson, akiwa na miaka ishirini, akamshinda Justin Guarini kwa asilimia 58 ya kura.

Sasa tazameni utaratibu wenyewe. Wimbo wa ushindi, A Moment Like This, ulikuwa umeshatungwa na Jörgen Elofsson na John Reid. Usiku wa mashindano ya mwisho, Clarkson aliuimba na Guarini akauimba. Yeyote ambaye angeshinda, wimbo ulikuwa unamngoja kama joho la mahafali linalomtosha kila mtu. Kampuni ya Fuller ndiyo iliyokuwa meneja wa mshindi, na lebo ya RCA ndiyo iliyotoa rekodi zake. Wiki mbili baada ya fainali wimbo ulikuwa madukani. Kwenye chati ya Billboard uliruka kutoka nafasi ya 52 hadi ya kwanza, ukavunja rekodi ya Beatles iliyodumu tangu 1964.

Rekodi hiyo ni kubwa, siipunguzi hata kidogo. Lakini jiulizeni, ilipima nini? Naona ilipima kiu ya watu waliokuwa wamempigia kura kwa wiki nyingi na kutaka kushika mkononi ushahidi wa kura yao. Ule wimbo haukutuambia chochote kumhusu mwimbaji isipokuwa kwamba ana sauti kubwa, jambo ambalo taifa zima lilikwisha kulisikia.

Hapa niseme neno kwa vijana walioko nyuma, maana najua baadhi yenu mnajiandaa na usaili. Shindano la kuimba linafundisha ustadi mmoja kwa ukali sana: kuuchukua wimbo wa mtu mwingine, wimbo ambao tayari unapendwa, na kuuimba kwa dakika moja na nusu kiasi cha kumfanya jaji asimame. Ni ustadi wa kweli. Lakini haumfundishi mwimbaji namna ya kuukataa wimbo usiomfaa, haumfundishi kukaa studio siku nzima kutafuta mdundo, wala kuandika ubeti wa pili pale wa kwanza ulipokwisha kusema yote. Na kazi ya albamu ndiyo hiyo hasa.

Hoja ya pili nitaipitia haraka. Albamu ya kwanza ya mshindi husukumwa na mawimbi ya shindano. Ya pili huogelea peke yake.

Thankful ilitoka Aprili 2003 ikaanza moja kwa moja nafasi ya kwanza Marekani. Ni albamu nzuri kwa sehemu, yenye harufu ya kwaya na ya soul, lakini inamwonyesha mwimbaji akijaribu nguo nyingi mbele ya kioo cha watu wengine. Wimbo wake uliosikika zaidi, Miss Independent, ulianza kama kazi ambayo Christina Aguilera aliishiriki kuitunga. Clarkson akaimalizia pamoja na watunzi wengine. Huo ndio unaodokeza anakokwenda: gitaa linakwaruza chini ya mdundo wa kompyuta, na sauti inaanza kuwa na meno. Miezi miwili baadaye ikatoka filamu, From Justin to Kelly, ambayo aliicheza kwa sababu mkataba ulimtaka aicheze. Ilianguka vibaya. Mwisho wa mwaka huo huo wakakutanishwa washindi wa nchi mbalimbali katika World Idol, huko London, na Kurt Nilsen wa Norwei akashinda; Clarkson akawa wa pili.

Basi ifikapo mwanzo wa 2004, mtu aliyekuwa na rekodi ya kuwapita Beatles alikuwa pia na filamu iliyochekwa na taji la dunia lililomponyoka. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na wengi walikuwa wamekaa wakisubiri mlio huo.

Hoja ya tatu ndiyo moyo wa mhadhara huu, na naomba mnivumilie nikae hapo. Breakaway ilifaulu kwa sababu mwimbaji alichagua sauti ya kundi zima la vyombo badala ya sauti yake peke yake, na akaisimamia.

Lebo ilikuwa na mshindi mwenye koo la kuimba nyimbo za polepole za mapenzi, zile zinazopanda taratibu hadi kilele na kuwaliza watazamaji. Njia ya salama ilikuwa kumpa kumi na mbili za namna hiyo. Yeye alitaka roki. Alitaka magitaa. Akawatafuta Ben Moody na David Hodges, waliotoka kwenye kundi la Evanescence, ambalo mwaka 2003 lilikuwa limeufanya muziki mzito wa gitaa upigwe kila redio. Na lebo ikampeleka Stockholm, kwa Max Martin.

Max Martin ni nani? Ni mtunzi na prodyuza wa Kiswidi aliyewatengenezea Backstreet Boys na Britney Spears vibao vyao vikubwa vya mwisho wa miaka ya tisini. Kufikia 2003 mtindo wake ule, safi, uliopangwa kwa rula, ulikuwa umechuja. Naye alihitaji kuanza upya. Alikutana na mpiga gitaa wa New York aliyekuwa kwenye bendi ya kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, anayejulikana kwa jina la Dr. Luke. Wawili hao walikuwa wakisikiliza roki ya vijana wa New York, hasa wimbo Maps wa kundi la Yeah Yeah Yeahs, na Martin akawa anasononeka: wimbo unapanda vizuri, unakupa hamu, halafu kiitikio kikubwa hakiji. Vipi kama tungeuchukua mwendo huo wa gitaa tukaupa kiitikio unachokingoja? Jibu lao likawa Since U Been Gone. Wengine walifikiriwa kupewa wimbo huo kabla, ukaishia kwa Clarkson.

Tuusikilize kwa sikio la fundi. Unaanza na gitaa moja tu, nyuzi zikiwa zimezibwa kidogo na kiganja cha mkono wa kulia, kwa hiyo kila pigo linakatika kabla halijaenea. Ngoma ni kavu. Sauti inaingia chini, karibu na maongezi, bila mapambo hata kidogo. Mtu aliyezoea kumsikia Clarkson jukwaani angedhani anajizuia. Ndivyo: anajizuia kwa makusudi. Ubeti unasogea, besi inaingia, nyuzi zinaanza kuachiwa, unasikia kitu kinakaza. Halafu kiitikio kinalipuka. Magitaa yanafunguka yote kwa mlio wa kukwaruza, ngoma zinajaa chumba kizima, na sauti inaruka juu, juu kabisa, ikawa kelele ya furaha ya mtu aliyeachwa na kugundua kwamba anapumua vizuri zaidi. Baada ya kiitikio cha pili kuna daraja fupi ambapo gitaa linakwama na kugugumia, kisha mwimbaji anapanda hadi noti ambayo wengi tukijaribu kuifikia tunaumia. Yote hayo katika dakika tatu na ushee.

Angalieni kilichotokea. Ile sauti ya mashindano, ile ya kumsimamisha jaji, ipo. Lakini sasa ina sababu. Imewekwa akiba ubeti mzima na kutolewa pale tu wimbo unapoidai. Kwenye shindano sauti ndiyo bidhaa. Hapa wimbo ndiye bwana na sauti inautumikia. Nikiwafundisha wanafunzi wangu kuhusu kujizuia huwa naanza na wimbo huu, kabla ya kazi yoyote ya muziki wa kale wa Ulaya.

Je, nani aliyeleta magitaa hayo? Hapo kuna mgogoro wa hadharani, na sitaupita kimya. Clive Davis, mkuu wa lebo wakati ule na mmoja wa watu wenye nguvu kubwa kuliko wote katika biashara ya muziki ya Marekani, aliandika katika kitabu chake cha maisha cha mwaka 2013 kwamba Clarkson aliangua kilio kwa kutoutaka wimbo huo kwenye albamu. Clarkson akajibu kwamba si kweli. Kwa maelezo yake, alichotaka ni demo iongezwe magitaa, Davis hakutaka, yeye, Martin na Luke wakashikilia hadi wakashinda. Davis naye akasimamia alichoandika. Mimi sikuwamo chumbani humo. Ila nina masikio, na rekodi yenyewe inampa Clarkson haki: ukiyaondoa magitaa yale, unabaki na wimbo wa kawaida wa kuchangamsha.

Since U Been Gone ulifika nafasi ya pili Marekani. Behind These Hazel Eyes, aliotunga na wawili wale wale, ukafika ya sita. Jambo lililonifurahisha zaidi ni wapenzi wa roki waliozoea kudharau pop, ambao ghafla walianza kukiri kwamba wanaupenda Since U Been Gone. Mwanamuziki wa roki Ted Leo aliuimba kwa gitaa lake peke yake mwaka 2005, akaunganisha ndani yake kipande cha Maps kile kile, na hapo hata mwenye shaka alisikia undugu wa nyimbo hizo mbili.

Hoja ya nne: wimbo uliokataliwa ndio uliobeba jina la mwimbaji mbali zaidi.

Clarkson alianza kuandika Because of You akiwa na miaka kumi na sita. Ni wimbo kuhusu kutengana kwa wazazi wake, na kuhusu mtoto anayejifunza kutomwamini mtu kwa sababu ya aliyoyaona nyumbani. Alipoupeleka kwa lebo wakati wa albamu ya kwanza, ulikataliwa. Alipoupeleka tena, akiwa ameufanyia kazi pamoja na Moody na Hodges, alisema mwenyewe baadaye kwamba kilio anachokisimulia Davis kilikuwa cha siku hiyo: alilia kwa sababu mkubwa wake aliuchukia na kumwambia kwamba ni mtunzi mbaya. Hata hivyo ukaingia kwenye albamu.

Mnafahamu yaliyofuata. Wimbo uliingia kumi bora Marekani na ukazunguka Ulaya yote. Video yake iliongozwa na Vadim Perelman, na nawaomba wale ambao hawajaiona waitafute. Mke na mume wanagombana. Mume yuko tayari kuivunja picha ya familia. Ghafla kila kitu kinasimama, na mwanamke anashikwa mkono na mtoto mdogo ambaye ni yeye mwenyewe wa zamani. Mtoto anamtembeza ndani ya nyumba ya utotoni: baba asiyemsikiliza, mama anayelia, na mwisho baba anapakia mizigo na kuondoka. Anaporudi kwenye ugomvi wake anamwona binti yake amesimama kando anawatazama. Hakuna anayecheza wala kurembwa. Ni simulizi iliyonyooka, na nguvu yake inatoka kwenye ule uamuzi wa kumpa mtazamaji kitu kimoja cha kutazama hadi mwisho. Miaka miwili baadaye Reba McEntire, malkia wa muziki wa kantri, aliuimba tena pamoja na Clarkson, ukapendwa upya na wasikilizaji wengine kabisa.

Nawaambia watunzi mlioko hapa: msichana wa miaka kumi na sita aliyeanza kuandika wimbo kule Burleson alijua jambo ambalo ofisi nzima yenye tuzo ukutani haikulijua. Si kwamba ofisi ilikuwa na watu wajinga; Davis amegundua na kukuza waimbaji wengi wakubwa kuliko tunavyoweza kuwataja leo. Ni kwamba sikio la biashara husikia kilichouzwa jana. Mwenye kidonda ndiye anayejua pale panapouma.

Na kwa haki niseme pia kwamba si kila wimbo wa albamu hiyo ni wa kwake. Breakaway wenyewe, uliotoa jina la albamu, uliandikwa na Avril Lavigne wa Kanada pamoja na Bridget Benenate na Matthew Gerrard. Lavigne aliuona haukai vizuri kwenye albamu yake ya kwanza, ukaenda kwa Clarkson kwa ajili ya filamu ya The Princess Diaries 2. Kuna badiliko dogo ambalo nalipenda mno. Lavigne, mtu wa mji mdogo wa Ontario, aliandika kuhusu utoto wenye theluji. Clarkson wa Texas akaigeuza theluji ikawa mvua. Neno moja tu. Lakini msikilizaji wa Texas, na hata wa Songea au Kericho, anajua mvua inavyomfungia mtoto ndani dirishani akiota kuondoka. Kumiliki wimbo wa mwenzako kunaanzia kwenye badiliko la namna hiyo, si kwenye kupandisha noti.

Albamu hii haikuwahi kushika nafasi ya kwanza Marekani. Ilianzia ya tatu na haikuvuka hapo. Lakini haikuzama. Iliuzwa mwaka mzima wa 2005, ikamaliza ikiwa ya tatu kwa mauzo nchini humo mwaka ule, nyuma ya Mariah Carey na 50 Cent, na duniani ikapita nakala milioni 12. Februari 2006 ilimpatia tuzo mbili za Grammy, moja ya albamu bora ya pop na nyingine ya uimbaji wake katika Since U Been Gone. Hakuna mshiriki wa American Idol aliyewahi kupata Grammy kabla yake. Linganisheni na A Moment Like This: ule uliruka hadi kileleni kwa siku chache, albamu hii iliuzwa mwezi hadi mwezi bila kura ya mtu yeyote.

Njia aliyoifungua wengine waliipita. Mwaka 2006 Chris Daughtry alitolewa American Idol akiwa wa nne. Albamu yake ya roki, iliyotoka Novemba mwaka huo, ikashika namba moja. Mshindi wa mwaka huo huo, Taylor Hicks, aliachana na lebo yake mapema mwaka 2008. Jennifer Hudson, aliyetolewa akiwa wa saba mwaka 2004, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Nafasi uliyomalizia kwenye shindano haikuandikii maisha.

Hoja ya tano inahusu gharama, na hapa nitakuwa mkweli kwenu, kwani nisingependa kijana atoke humu akidhani ukipigania wimbo wako daima unashinda.

Mwaka 2007 Clarkson alitoa My December. Safari hii alishiriki kutunga kila wimbo. Ni albamu nyeusi, yenye hasira, yenye magitaa mazito zaidi. Hata Mike Watt, mpiga besi wa kundi la Minutemen linaloheshimiwa sana na watu wa roki ya pembezoni, anapiga humo. Lebo haikuridhika, Davis alitaka nyimbo nyingine, na ugomvi ukamwagika magazetini. Clarkson akakataa kubadilisha. Albamu ilianzia nafasi ya pili, kisha ikapungua nguvu haraka. Ziara ya kumbi kubwa ikafutwa kwa kuwa tiketi hazikununuliwa vya kutosha, akaachana na meneja wake, na baadaye mwaka huo akazunguka kumbi ndogo.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara nyingi. Kwa maoni yangu haifikii Breakaway. Inakosa yale mapumziko, ile akiba ya sauti niliyoieleza, na nyimbo kadhaa zinafanana hasira. Lakini naiheshimu kuliko albamu nyingi zilizouzwa zaidi, kwa sababu ni albamu ambayo mwimbaji alikubali kulipia. Na msimsikilize anayesema ilimwangusha. Mwaka 2009 alirudi na All I Ever Wanted, akakubaliana na lebo katika baadhi ya mambo, na wimbo wake wa kwanza ukaruka kutoka nafasi ya 97 hadi ya kwanza, mruko ambao haukuwa umewahi kuonekana kwenye chati hiyo. Mwaka 2011 ikaja Stronger, iliyompa Grammy ya albamu bora ya pop kwa mara ya pili. Mwaka 2015 Piece by Piece ikafika namba moja, ikawa albamu yake ya mwisho na lebo aliyopewa na shindano. Mwaka uliofuata alihamia Atlantic, safari hii kwa hiari yake, na huko akatoa Meaning of Life, albamu ya soul aliyokuwa anaitamani kwa miaka mingi. Kuanzia 2018 alikaa pia kwa misimu kadhaa kwenye kiti cha ukocha cha The Voice, akiwatazama vijana wakipita alipopita yeye.

Mabibi na mabwana, natazama sasa kwetu. Mashindano haya tunayo na tumeyapenda. Tusker Project Fame iliwatoa Valerie Kimani na Ruth Matete wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda na Hope Irakoze wa Burundi. Bongo Star Search ya Madam Rita Paulsen imetembea mkoa hadi mkoa kusaka vipaji, na Walter Chilambo, mshindi wa 2012, leo anafahamika kwa nyimbo zake za injili kuliko kwa taji lile. Huyo naye aliutafuta wimbo wake nje ya jukwaa lililomtambulisha. Sioni haya kusema kwamba ninawapenda waandaaji wa mashindano hayo. Bila wao, watoto wengi wa mikoani wasingesikika nje ya kwaya za parokia zao.

Ndiyo maana nawaletea ombi. Katika msimu ujao wa shindano lolote litakalofanyika hapa, uwepo usiku mmoja, kabla ya fainali, ambapo kila mshiriki ataimba utunzi wake. Hata ukiwa na kasoro. Wapewe wiki mbili na prodyuza, gitaa na karatasi, watazamaji wauone wimbo ukizaliwa. Mkataba wa zawadi uandikwe kwa Kiswahili, na mshiriki aupate mapema kiasi cha kumwonyesha mwanasheria na mzazi. Ndani yake andikeni nani mtunzi wa kila wimbo na kwa sehemu gani, kisha wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujapigwa redioni, maana mirabaha humfuata aliyeandikwa. Na anayeshinda apewe haki ya kusema hapana, walau kwa nyimbo mbili kati ya zile anazoletewa.

Walimu wenzangu, upande wetu kuna kazi pia. Tumekuwa tukiwapima wanafunzi kwa kuimba nyimbo tulizowachagulia. Kuanzia muhula ujao, darasa langu litatoa nusu ya alama za uimbaji kwa utunzi wa mwanafunzi mwenyewe na kwa namna atakavyoeleza kwa nini aliweka chombo fulani mahali fulani. Ninawakaribisha mfanye hivyo nasi, tulinganishe matokeo mwisho wa mwaka.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa vijana sita wamekuja na nyimbo zao wenyewe na kwamba gitaa limeshatuniwa. Naomba maswali yawe mafupi ili wapate muda wa kutosha, na anayeanza, kama yuko tayari, apite mbele.